Njeri Amekataa Kupiga Magoti

Maitu, mama yangu, Njeri amekataa kupiga magoti.

Najua barua huanza na salamu, ulinifundisha hivyo, lakini hii habari imenikaa kifuani tangu Jumanne na nilijua nikianza kukuuliza unaendeleaje huko nitalia kabla sijafika kwa maneno yenyewe. Kwa hivyo nimeitema kwanza. Amekataa. Kwenye paredi, shule nzima ikiwa chini na yeye peke yake juu, mikono nyuma, anaangalia mbele kama mtu anayepigwa picha ya kitambulisho. Mtoto wangu huyo. Jina lako hilo.

Sasa nakusalimu. Sisi tuko wazima. Baba Wairimu mgongo unamsumbua lakini lori bado anaendesha. Wairimu alipata kazi kwa duka la dawa huko Kahawa Sukari, siku hizi anavaa koti jeupe na akija kunitembelea halivui, anataka majirani walione. Sijamkataza, hata mimi nataka walione. Cherehani yako niliitoa Kiandutu wiki ile tulikuzika, iko hapa Gitothua kwenye kibanda changu, nimebadilisha mkanda tu. Pale barazani kwako sasa kuna mtu anauza chipsi. Ananiambia bado wazazi wanapita wakimuuliza yule fundi wa sare alienda wapi, na yeye huwaambia ameenda kupumzika. Nilimshukuru kwa kusema hivyo.

Mwaka wa pili huu unaisha, Maitu, na mimi ndiye fundi wa sare wa hapa. Nisijifanye mnyenyekevu na wewe unanijua. Mafundi wengine wapo, tena wana vibanda vya mabati mapya, lakini sketi zao msichana akikaa darasani mpaka saa sita marinda yanafunguka kama mwavuli. Yangu anaamka nayo kwa dawati na kila rinda limelala pale nililiambia lilale. Hiyo ni mikono yako, mimi nimeiazima tu.

Na Njeri. Uliondoka akiwa kidato cha pili, miguu tu na meno. Ungemwona leo ungeinua shingo. Ako kidato cha nne, mwaka wa mtihani, na kemia anaongoza wote, si muhula mmoja, mitatu mfululizo. Mwalimu wake wa kemia alinisimamisha sokoni Ruiru, mimi nikiwa na kabichi kwapani, akaniambia, "Mama, huyo mtoto usimguse na kazi ya nyumbani, mwache asome." Nilirudi nyumbani nikaosha vyombo mwenyewe, na unajua vile sipendi kuosha vyombo.

Basi sikia vile ilikuwa. Shiro ndiye alinieleza, rafiki yake, mtoto wa Mama Shiro anayeuza mboga karibu na mimi. Jumanne ndiyo walirudi kutoka mapumziko ya katikati ya muhula, na siku ya kurudi lazima sketi zikaguliwe. Wewe hiyo kazi unaijua kuliko mimi. Wanapangwa mistari, wanaambiwa chini wote, wanapiga magoti kwenye kokoto, na mwalimu anapita akiangalia ni pindo la nani halijagusa ardhi. Lisilogusa ardhi, hiyo sketi ni fupi, na mwenyewe anatolewa mbele abaki amepiga hayo magoti mpaka wenzake wamalize somo la kwanza. Ulinihadithia vile wewe ulipimwa hivyo na yule mama mzungu wa misheni, kwa sakafu ya simiti, na rula ya mbao mkononi. Mimi nikapimwa hivyo na mwalimu wa hapa hapa kwetu. Bendera yao ilishushwa wewe ukiwa msichana mdogo, lakini tai ikabaki, soksi ndefu zikabaki na jua hili lote, na magoti yakabaki.

Naibu wa mwalimu mkuu alikuwa ndiye anakagua. Akasema chini, wakaenda chini. Njeri hakuenda.

"Wewe mlingoti, hujasikia?"

"Nimesikia, Madam."

"Kwani sketi yako ni fupi?"

"Ni ndefu, Madam."

"Sasa unaficha nini?"

"Sifichi. Nipime nikiwa nimesimama."

Shiro anasema wasichana walicheka, ile ya kucheka mdomo ukiwa umefungwa, mstari mzima ukawa unatingisika. Naibu akamwambia, "Kanisani si unapiga magoti?" Na huyu wako akajibu, "Kanisani sipimwi sketi."

Maitu, mimi nilijua hayo maneno ya kupimwa amesimama yametoka wapi. Usijifanye hujui.

Sketi yake kweli ilikuwa ndefu. Niliishona mwenyewe Januari, nikaacha ndani pindo la vidole vinne kwa vile anarefuka kila nikigeuka, na mwezi wa tano nikalishusha lote, nikapiga pasi mpaka mkunjo wa zamani ukapotea. Angepiga magoti ingelala chini na ibaki. Angepita. Hakuwa na shida yoyote. Nilipomuuliza sababu alinitazama kama mimi ndiye mtoto.

"Mathe, fundi hapimi mtu akiwa chini. Cucu alisema."

Ndiyo, ulisema. Alikuwa wa miaka minne, anakaa chini ya meza yako pale Kiandutu akiokota pini, na wasichana wa watu wanakuja mmoja mmoja kupimwa. "Simama. Vaa kiatu. Kichwa juu. Usiangalie tepu, angalia barabara." Ukatueleza kwamba mtu akiinama kidogo tu, hata akiangalia vidole vyake, sketi inapanda nyuma na inashuka mbele, na hicho kipimo ni uongo. Aliye chini hana urefu, ulisema. Mimi nilidhani ni mambo ya ufundi. Njeri, naona, alisikia zaidi ya ufundi.

Alirudishwa nyumbani na barua. Mzazi afike Jumatano.

Sasa nikuambie jambo ambalo sitawaambia watu wa Gitothua. Jumanne hiyo jioni, akiwa anamenya viazi, nilifungua mdomo nikamwambia, "Mami, piga tu hayo magoti. Ni mambo madogo. Piga, usome, uende." Babake akaunga mkono, akasema ni dakika mbili. Njeri akaendelea kumenya. Na mimi nikanyamaza katikati, kwa sababu ile sauti ilikuwa si yangu. Ilikuwa yako. Maneno ni yale yale, mpaka pale unaposhusha kwa "mambo madogo" kama mtu anayeweka chini kitu cha kuvunjika.

Unakumbuka uliyasema lini. Nilikuwa kidato cha pili, shule hii hii. Wiki hiyo ulikuwa unashona sketi za watoto wa watu usiku na mchana, na yangu ikawa ya mwisho, pindo lilikuwa limekwisha, na mimi nilikuwa nimerefuka kama Njeri. Niligundulika. Nikabaki mbele kwenye kokoto mpaka kengele ya chai. Nilirudi nyumbani na mawe madogo ndani ya ngozi. Ulinikalisha barazani, ukaleta maji ya chumvi, ukachoma sindano kwa kiberiti, ukanitoa jiwe moja moja, na ukasema hayo. Piga tu, mami. Ni mambo madogo. Nilikuwa naangalia mikono yako, haikutetemeka hata kidogo, nikafikiria hujali.

Kesho yake ukanirudisha. Ukaniambia ningojee nje, kando ya tangi la maji, uongee na mwalimu mkuu. Nilingoja. Halafu nikachoka kungoja, nikazunguka nyuma ya ofisi, na kuna dirisha pale.

Nilikuona, Maitu.

Sijawahi kukuambia. Miaka hiyo yote, na harusi yangu, na kuzaliwa kwa hawa wawili, na ile miezi yako hospitalini nikikulisha uji kwa kijiko, sikusema. Nilikuona umepiga magoti kwa sakafu ya ofisi, na leso yako ya kanisani, na mwalimu mkuu wa wakati huo anaandika kitu, hata hakuangalii. Fundi aliyeishonea shule nzima. Ulitoka nje ukanitabasamia, ukasema, "Tumeongea vizuri, nenda darasani." Goti lako la kushoto lilikuwa na vumbi. Nikaenda darasani.

Nilimaliza muhula huo na sikurudi tena. Uliniuliza kwa nini, ukanibembeleza, ukaniitia mpaka mchungaji. Nikasema napenda cherehani. Ulilia kwa sababu yangu, na mimi nikakuacha ulie kuliko nikuambie nilichokiona. Sasa nimekuambia. Nilifanya hesabu yangu ya kitoto, nikaona kama shule ndiyo inafanya mama yangu awe chini, basi shule ikae. Ilikuwa ujinga. Ningesoma. Labda mimi pia ningevaa koti jeupe na kukataa kulivua. Lakini sikulaumu hata chembe, na nataka ulale ukijua hivyo. Ulikuwa peke yako na ulitumia kile ulikuwa nacho.

Jumatano asubuhi nikavaa lile gauni la bluu nililovaa siku ya mazishi yako, nikaweka tepu yangu shingoni kama siku zote, nikaenda na Njeri. Na Baba Wairimu akaniambia mlangoni, "Ukifika huko usianze mdomo wako." Nikamwambia mdomo wangu nimeuacha na yeye, auchunge.

Ofisi ni ile ile. Wamepaka rangi ya krimu na kuna kompyuta, lakini dirisha ni lile na sakafu ni ile. Naibu alikuwa amesimama, mwalimu mkuu amekaa. Mwalimu mkuu nilimjua nikiingia tu. Alikuwa kidato cha nne wakati mimi niko cha pili, alikuwa kiranja wa bweni wakati shule bado ina bweni, tulikuwa tunamwogopa kuliko walimu. Yeye hakunijua, au hakutaka. Nikasema habari yako Madam, akajibu nzuri, akanionyesha kiti.

Sikukaa. Nilimwambia Njeri asimame vizuri, kichwa juu, aangalie dirisha. Nikatoa tepu. Nikapima kutoka kiunoni mpaka pindo, nikapima kutoka kiunoni mpaka goti, nikawasomea. Vidole vinne chini ya goti, mbele na nyuma sawa. Nikamwambia naibu, kama hamwamini mkono wangu, tepu hii hapa, pima wewe. Hakuichukua.

"Mama, hatukatai ni ndefu," mwalimu mkuu akasema. "Shida si sketi tena. Shida ni utiifu. Shule ina sheria yake."

Nikamwambia, "Madam, hata wewe ulipiga magoti kwa hizo kokoto. Nilikuona. Nilikuwa mstari wa pili."

Hapo akanitazama kweli kweli, akanijua. Halafu akasema pole pole, bila ubaya, "Nilipiga. Na ndiyo sababu leo niko kwa hiki kiti."

Maitu, hapo alinimaliza. Unajua mimi sikosi neno. Nilikosa. Kwa sababu ni kweli, yeye alipiga akasoma, mimi nikaenda kwa cherehani, na sisi wawili tulikuwa pale, yeye na miwani yake na mimi na tepu shingoni. Naibu akaingilia, akamwambia Njeri, "Piga magoti hapa, uombe msamaha, yaishe sasa hivi, urudi darasani. Hata paredi haitajua."

Njeri akageuka akaniangalia mimi. Hakumwangalia naibu. Aliniangalia, na nikaona kabisa kwamba nikimwambia apige, atapiga. Amechoka. Ako na mtihani. Alikuwa ananiachia mimi.

Na nikaona ile sakafu.

Nikasema, "Madam, mnisamehe. Huyu siwezi kumwambia apige magoti. Huyu ni mama yangu."

Sikupanga kusema hivyo. Lakini mwalimu mkuu ni wa kwetu, alielewa bila kuelezwa. Msichana wa kwanza unampa jina la mama ya baba, wa pili unampa jina la mama yako, na kutoka siku hiyo huyo ni mama yako, unamwita Maitu, humpigi vivi hivi, humtumi kama unavyotuma wale wengine. Hata yeye ana msichana wa hivyo nyumbani, naambiwa. Nikaendelea, kwa sababu mdomo ulikuwa umerudi, "Mama yangu alishapiga magoti hapa, pale pale penye huyu mtoto amesimama, mimi nikiwa dirishani. Alikuwa mtu mzima. Alikuwa amewashonea sare nyinyi nyote, hata wewe, Madam, hiyo sketi uliyopigia magoti ilitoka kwa mikono yake. Mara moja inatosha. Hapigi mara ya pili."

Naibu akaanza kupanga karatasi ambazo zilikuwa zimepangwa. Mwalimu mkuu alivua miwani akaifuta na pindo la sweta. Nilidhani amelainika, na nafikiri kwa dakika hiyo alilainika, lakini akaivaa tena.

"Nimesikia, Mama Wairimu. Lakini nikimwacha huyu, kesho nina mia tano wamesimama." Akatupa mpaka Jumatatu. Jumatatu paredi, Njeri atapiga magoti mbele ya wenzake na mimi mzazi nikiwa kando yake, aombe msamaha, au nichukue vitabu vyake niende navyo. Mtihani hawezi kunyimwa, alishasajiliwa, lakini hataingia darasani, na hataingia maabara. Na kemia bila maabara ni kama kujifunza kushona kwa kuambiwa.

Tulitoka. Njiani Njeri alingoja tuvuke barabara kubwa. Akaniuliza, "Mathe, ni kweli Cucu alipiga?" Nikamwambia ni kweli. Kisha akaniondolea kibeti mkononi akabeba yeye, na hajawahi kubeba kibeti changu tangu azaliwe.

Sasa sikia sehemu inayonifanya nijigambe, na niache nijigambe, ni barua yangu.

Nilipofika kibandani nilikuta habari imefika kabla yangu. Mama Shiro alikuwa na sketi ya Shiro mkononi, anataka ishushwe, ilikuwa fupi vidole vitatu. Akaniambia waziwazi, "Mama Wairimu, usituletee maneno. Hawa watoto wako mwaka wa mtihani. Wewe wako ana akili ya kubaki nyumbani, wangu hana." Nikamjibu sijamwita kwa vita yoyote, alete tu mtoto nipime. Shiro akaja baada ya shule. Nikamwambia asimame, avae kiatu, kichwa juu, aangalie barabara. Alipopandisha soksi kidogo nikaona magoti yake. Mama yake pia akayaona. Nafikiri hakuwa ameyaona vizuri, kwa sababu wasichana wa umri huo wanajifungia wakioga. Yalikuwa yamevimba, na yale madoa madogo meusi, unayajua.

Mama Shiro alichukua kiti, akakaa hapo kando ya cherehani mpaka nikamaliza. Halafu akaniuliza, "Hiyo Jumatatu ni saa ngapi?"

Yeye ndiye ameeneza, si mimi. Kutoka Alhamisi mpaka jana Jumamosi wamekuja wamama na wasichana wao, wengine hata sketi haina shida, wanataka tu mtoto apimwe. Nimepima wasichana ishirini na sita. Wote wakiwa wamesimama. Zile fupi nimeshusha, ambayo pindo limekwisha nimeongeza kitambaa ndani, huwezi kuona maungio. Kila mmoja vidole vinne chini ya goti, mbele na nyuma sawa, mpaka mtu aje na rula ya mzungu hatapata kosa. Mama mmoja mlokole alikuja akiwa na wasiwasi, akaniuliza kama hii si kiburi mbele ya Mungu. Mama Shiro akamjibu kabla yangu, "Wewe njoo Jumatatu usimame, halafu Jumapili tutapiga magoti pamoja tuombe radhi." Amekubali. Anakuja na dada yake.

Hatuendi kupiga kelele. Hilo nimelisema mpaka nimechoka. Hakuna wimbo, hakuna kubeba matawi, hakuna kumtusi mwalimu yeyote, na naibu hasa asiguswe na neno, ana watoto. Tutaingia na mabinti zetu, tutasimama nyuma ya mistari yao. Wakiambiwa chini, watabaki juu, na sisi juu. Mwenye tepu atakuwa na tepu. Atakayetaka kupima apime. Ni hivyo tu. Na kama mwalimu mkuu aliogopa mia tano wamesimama, basi atawaona jinsi wanavyoonekana. Hawaonekani vibaya. Nimewashonea mimi.

Nina hofu, Maitu, usidhani sina. Naweza kuamka Jumanne nikiwa na mtoto mwenye akili zote hizo amekaa chini ya meza yangu anaokota pini. Nimemuuliza Njeri mara tatu, peke yetu, babake akiwa hayupo. Nikamwambia nikiona umegeuza moyo hata ukiwa kwenye paredi, piga, na mimi sitakuonea aibu, nitakusubiri langoni. Alikuwa anasoma mahali pa kukatia, amesukuma vitambaa kando, ameweka chupa mbili za soda na maji ya ndimu anajifanyia maabara. Hakuinua kichwa. "Mathe, niache nimalize hii."

Babake aliniambia jana hataki kuingizwa. Leo baada ya kanisa nimemkuta nje anang'arisha viatu vyake vya harusi, nikamuuliza anaenda wapi na hivyo viatu, akaniambia ameomba ruhusa kazini. Kiatu kimoja kilikuwa tayari kinang'aa na bado alikuwa anakisugua.

Naandika haya kwa karatasi ya kukatia, nyuma ya kipande cha mkono wa blauzi, kwa hivyo uyasome yakiwa yamepinda. Wairimu akipita wiki hii atanipeleka Thika, niyaweke hapo ulipolala, chini ya jiwe ili upepo usiyachukue. Pole kwa kukuambia lile la dirishani. Pole kwa kukaa nalo muda huo wote. Nilitaka kukulinda na nafikiri wewe pia ulikuwa unanilinda, tukapita miaka hivyo, kila mtu na vumbi lake.

Ninakuahidi hivi. Huyu atasoma. Kama si hapo, pengine, na kama si sasa, mwakani, hata nikishona mpaka vidole vikatae. Na hakuna mtu wa jina lako atakayewekwa chini nikiwa na pumzi, si ofisini, si paredini. Lala vizuri. Nakupenda, na nakukosa hasa saa hizi za alasiri, chai ikichemka na hakuna wa kuniambia nimeweka majani mengi.

Usihangaike kutafuta saa, nimewaambia wote. Wamama wanakutana hapa kibandani saa kumi na mbili na nusu, wanaotoka upande wa Thika watatukuta langoni, Wairimu anakuja na koti lake, na Mama Shiro amefunga kibanda chake cha mboga. Kila mtu anakuja. Ni kesho, Jumatatu.